Mwenye Mti Naye Ana Dhamana: Neno kwa Watu wa Mbulu na Hanang

Ndugu zangu wa Mbulu na Hanang, mavuno yakishauzwa, iwe ni vitunguu swaumu vya Bashay au ngano ya Basotu, hamu ya kujenga hutushika sote. Mgrivelia aliouacha marehemu baba mpakani mwa shamba tunauona sasa ni kenchi na papi. Anaitwa kijana mwenye chenso. Anafika kwa pikipiki, mashine imefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, kidumu cha petroli kinaning'inia, miguuni makatambuga. Mnavutana bei ya kila mti mpaka inakuwa ya kudhalilisha. Naye, ili siku isimpite bure, hana budi kuangusha mingi kabla jua halijazama. Ajali imekwisha kuanza hapo, na injini bado haijawaka.

Nalisema hili mapema kwa sababu tuna desturi mbaya. Kijana akijeruhiwa, tunakaa kilabuni na kumwita mzembe. Hakuna anayeuliza nani alimhimiza, nani alimpunja, nani alisimama pembeni akaiona kaptula na makatambuga, akanyamaza. Mimi nasema mwenye mti ni mshirika katika kazi ile, na damu ikimwagika shambani kwake hawezi kunawa mikono.

Babu zetu walitumia shoka na msumeno wa watu wawili. Kazi ilichosha, lakini ilimpa mtu nafasi ya kufikiri. Mnyororo wa chenso hukimbia mita 20 hivi kwa sekunde, sawa na pikipiki inayokwenda kilomita 70 kwa saa kwenye lami ya Katesh. Na penye hatari kubwa ni kwenye ncha ya ule upanga unaobeba mnyororo, upande wa juu. Ncha hiyo ikigusa tawi au gogo jingine, mashine nzima huruka na kumrudia aliyeishika, usoni au shingoni, kabla hajapepesa jicho. Kwa ajili hiyo imewekwa ile kinga mbele ya mkono wa kushoto, ambayo ndiyo breki: ikisukumwa mbele, mnyororo husimama. Wapo wanaoifunga waya ati inasumbua! Mashine ya namna hiyo haifai hata kukatia kuni.

Mwenye mti, hata kama hujawahi kuwasha chenso, macho unayo. Tazama kinachotoka kwenye mti. Mnyororo ulionolewa vizuri kwa tupa hutoa vipande vipande. Ulio butu hutoa unga, na mwenye nao hulazimika kuukandamiza kwa nguvu zake zote, akachoka, akayumba. Tazama anavyowasha: mashine iwe chini, mguu ukanyage mshikio wa nyuma, breki iwe imefungwa, si kuining'iniza hewani na kuvuta kamba kwa mbwembwe mbele ya watoto. Tazama gumba la mkono wa kushoto, lipite chini ya mshikio na kuufumbata. Msumeno usipande juu ya bega, wala mtu asipande nao ngazi.

Kuangusha mti ndiko kwenye elimu yenyewe. Fundi wa kweli huanza kwa kutembea, auzunguke mti, atazame unakoegemea, upepo unakotoka, na matawi makavu yaliyokwama juu. Hufyeka njia mbili za kukimbilia, kinyumenyume na kwa mshazari, maana shina likikatika huweza kuruka moja kwa moja nyuma. Upande wa kuangukia hukata mdomo, robo ya unene wa shina, usizidi theluthi. Kisha huenda nyuma, akate juu kidogo ya usawa wa mdomo, na asifike mwisho. Kwenye shina la sentimita 40 huacha ubao usiokatwa wa vidole viwili hivi. Huo ndio bawaba, ndio unaouongoza mti chini taratibu. Anayeikata bawaba yote ameukabidhi mti kwa upepo. Wengine wote wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti: mti wa mita 20, watu na mbuzi mita 40. Na mkaratusi ulioegama sana usimpe mwanagenzi, kwa kuwa hupasuka kwa wima katikati ya kukatwa na kipande kikampiga kidevuni.

Kwetu kuna jambo la ziada, nalo ni mteremko. Nchi yetu hii ni ya vilima, na gogo likishaachana na matawi hubingirika bila taarifa, hivyo mkataji asimame upande wa juu daima. Vilevile mti uliolala haujafa. Tarehe 3 Desemba 2023, Mlima Hanang ulipomomonyoka na kuteremsha tope, mawe na miti hadi Katesh, Gendabi na Jorodom, ndugu zetu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Shina lililobanwa chini ya mawe na tope namna ile, likipindika, hubaki limejikaza. Ukilikata upande usiostahili hufyatuka. Likate kidogo kidogo, kwanza upande uliobanwa, kisha ule uliovutwa, ukiwa umesimama nje ya njia yake. (Na wale wanaonyemelea msitu wa Nou au hifadhi ya Mlima Hanang usiku na chenso, sina ushauri wa usalama wa kuwapa. Maji tunayokunywa hutoka huko.)

Mtaniambia mavazi ni ghali. Ni kweli. Suruali ya kazi hii ina nyuzi ndefu ndani ambazo, mnyororo ukizigusa, huchomoka na kujisokota kwenye gurudumu lake hadi mnyororo ukasimama. Haiuzwi kila gulio. Kofia ngumu yenye wavu wa uso na viziba masikio nayo ina bei, pamoja na buti za chuma puani. Lakini pigeni hesabu ya mguu: kukodi gari usiku kutoka kijijini hadi hospitali ya Haydom, kumweka mtu wodini, shamba kukosa jembe msimu mzima.

Na fedha ipo mahali. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 ikiwa ya vijana. Vijana wenye chenso, jisajilini kikundi mkaombe. Nanyi maafisa maendeleo ya jamii wa Mbulu na Hanang, kikundi kikileta andiko la kununua mashine mbili bila kofia, suruali na buti, lirudisheni likaandikwe upya, vitu vyote viingie kwenye ankara moja, na fedha isitoke mpaka bwana misitu wa wilaya amewaona wakiangusha mti mmoja mbele yake.