Yadi Moja Haihitaji Shotigani

Makocha wa futiboli ya Marekani wameuzoea mpangilio wa shotigani kupita kiasi, na mazoea hayo yanawaponza pale wanapotaka yadi moja tu.

Katika mpangilio huu kwotabeki, kiongozi wa mashambulizi, hapokei mpira mkononi mwa senta, mchezaji anayeanzisha mchezo. Husimama yadi 5 hivi nyuma yake, na senta humrushia mpira kupitia katikati ya miguu. Faida yake haina ubishi: anawaona walinzi wote, anajua nani anajiandaa kumvamia, na ana muda wa kutafuta wa kumpasia. Kocha Tom Landry aliifufua shotigani katika timu ya Dallas mwaka 1975 akiwa na kwotabeki Roger Staubach, wakafika Super Bowl, fainali ya ligi, msimu huohuo.

Lakini udhaifu wake ulijulikana mapema. Kocha Red Hickey wa San Francisco 49ers aliitumia mwaka 1960 akawafunga Baltimore Colts. Mwaka uliofuata Chicago Bears walimsogeza mlinzi wao Bill George uso kwa uso na senta wa 49ers. Senta akikazana kurusha mpira, George keshampita. Bears walishinda 31-0.

Kurusha kwenyewe ni hatari. Katika Super Bowl ya Februari 2014, kwotabeki Peyton Manning wa Denver alikuwa akisogea mbele kuzungumza na wenzake mpira ukarushwa, ukampita hadi nyuma ya mstari wao wa goli. Sekunde 12 tu, Seattle wana pointi 2. Walishinda 43-8.

Mwaka mmoja baadaye Seattle haohao walikuwa yadi moja kutoka ushindi. Kwotabeki wao Russell Wilson akasimama kwenye shotigani, akapasi, Malcolm Butler wa New England akaunasa mpira. Wengi walilaumu pasi. Sisi tunalaumu pia mpangilio: kwotabeki aliye yadi 5 nyuma hawezi kujitosa mwenyewe, na mkimbiaji aliye kando yake hupokea mpira karibu amesimama.

Philadelphia Eagles wameonyesha njia. Hutumia shotigani sehemu kubwa ya mechi, lakini ikibaki yadi moja kwotabeki Jalen Hurts humganda senta na wenzake humsukuma kwa nyuma. Hivyo ndivyo walivyopata alama zao za kwanza katika Super Bowl ya 2025, wakaishinda Kansas City 40-22.

Lakini kwotabeki vijana wengi wanatoka vyuo vikuu wakiwa hawajazoea kupokea mpira mkononi mwa senta. Makocha wa vyuo watenge muda wa kuwafundisha, kila wiki, kuanzia mwaka wa kwanza.