Wageni wa Kaskazini Katika Miti ya Kabalagala

Ukiwa na jamaa aishiye Stockholm atakuambia kwamba mwezi wa Juni jua la huko huchwa saa nne za usiku, na kwamba wenyeji huchukua darubini wakaenda bustanini kutazama ndege. Usimwonee wivu. Wengi wa ndege hao hufunga safari kuja Afrika. Ifikapo Oktoba, ukisimama Kabalagala huwaona wageni wa kaskazini juu ya nyaya za umeme za Barabara ya Ggaba, na katika miembe iliyo nyuma ya nyumba.

Ajulikanaye zaidi ni mbayuwayu. Mwaka 1555 askofu mkuu Mswidi, Olaus Magnus, aliandika kwamba mbayuwayu hupitisha majira ya baridi chini ya maji, na kwamba wavuvi huwavua kwa nyavu. Mvuvi wa ziwa letu angaliweza kumsahihisha, maana walikuwa wakiruka juu ya mtumbwi wake.

Lakini ninayemstahi zaidi ni mwingine, ambaye wengi humwona bila kumjali: mdogo, mgongo wa kijani kilichofifia, kifua cha manjano hafifu, hatulii tawini hata nukta moja. Wataalamu humwita Phylloscopus trochilus. Uzito wake ni gramu 10 hivi. Wazaliwao kusini mwa Uswidi huelekea Afrika ya Magharibi. Wa kaskazini hushika njia ya mashariki, wakafika Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Husafiri usiku, na kinda aliyeanguliwa kiangazi hicho hicho huja zaidi ya kilomita 7,000 bila baba wala mama wa kumwongoza. Kuruti wetu angalau hupewa ramani.

Kuwatazama hakuhitaji fedha. Askari aliyezoea lindo, hata jirani zetu wa kambi ya polisi ya Nsambya, amekwisha jifunza nusu ya kazi: kutulia, kuweka jua mgongoni, kusikiliza kwanza, kukumbuka saa na upande. Awafundishe watoto asubuhi ya mapumziko, kabla ya saa tatu, wakiwa na daftari la tarehe. Manati ibaki nyumbani. Kaloli wa jalalani msimwandike miongoni mwa wageni. Huyo ni mwenyeji, tena hana haya. Darubini ikipatikana ni vyema, ila usiielekeze kambini wala kwenye ofisi ya serikali, usije ukaimaliza siku ukijieleza.

Siku ya kupata nauli, shikeni njia ya Entebbe hadi ghuba ya Lutembe, iliyoandikishwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar. Huko ndege wadogo wa jamii ya shakwe, watokao Ulaya ya mashariki na Asia, hukusanyika kwa maelfu. Hata hivyo sehemu ya ghuba hiyo imekwisha fukiwa kwa udongo, yakapandwa maua ya kuuzwa Ulaya. Mbayuwayu hupenda kulala katika matete na mafunjo. Mswidi akilinda zizi anamojenga kiota, nasi tukafukia mafunjo anamolala, zizi la Mswidi litabaki tupu vilevile.

Mwezi wa Aprili wageni huanza kuondoka. Andikeni daftarini siku mliyomwona wa mwisho, kisha anzeni kumtazamia tena mwishoni mwa Septemba.