Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Tuazimeni ufunguo wa kabati

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,

Nakuandikia kutoka Ukerewe. Mimi ni mmoja wa wanakijiji wachache wanaofundisha kusoma bila mshahara: watoto siku ya Jumamosi, wazazi wao jioni. Sikuandikii kuomba posho. Shida yetu ni kabati.

Kabati hilo liko katika ofisi ya mwalimu mkuu, tena si wa shule moja tu. Ndani mna vitabu vya hadithi vya darasa la kwanza na la pili, na vingine havijatolewa hata kwenye nailoni vilivyokuja nayo. Nje ya ofisi hiyohiyo wapo watoto wa darasa la nne wanaosoma kwa kubahatisha: wakiona herufi ya kwanza, lililobaki wanalitunga. Nilipomuuliza mwalimu mkuu mmoja kwa nini vitabu havitoki, alinijibu bila kuzunguka. Kitabu kikipotea mikononi mwa mtoto, yeye ndiye atakayeandika maelezo. Kikiliwa na mchwa humo kabatini, kinaandikwa kimechakaa na habari inaishia hapo.

Simlaumu. Mtu mwenye familia ya kulisha hafanyi mchezo na leja ya serikali. Ndiyo maana barua hii nimeileta kwako na si kwake, kwa kuwa shule za msingi ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini yako.

Vitabu hivyo ni mali ya watoto kwa maana ya kihesabu kabisa. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa Sh 10,000 kwa mwaka, na Sh 4,000 kati ya hizo hazikupelekwa shuleni. Zilibakizwa juu kwa ajili ya vitabu. Kila mtoto wa kijiji chetu ana fungu lake humo. Fungu hilo limefungiwa kufuli asilifikie.

Kisiwa hiki kina historia na jambo hili, Mheshimiwa. Mwaka 1971 Ukerewe ilikuwa miongoni mwa wilaya sita ambazo Mwalimu Nyerere alitaka zifute ujinga kabla mwaka haujaisha. Walimu wengi hawakuwa walimu. Walikuwa watu waliomaliza shule ya msingi, waliokubali kufundisha wenzao jioni kwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Katika Kanda ya Ziwa vitabu vya kisomo vilihusu pamba, ndizi na uvuvi, yaani kazi ambazo mwanafunzi alitoka kuzifanya mchana huo. Mwanza kukachapishwa gazeti, Elimu Haina Mwisho, ili aliyejua kusoma jana apate cha kusoma leo. Kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kiasi cha asilimia 67 mwaka 1967, na kufikia 1986 walikuwa wameshuka chini ya asilimia 10. Wapo wanaozitilia shaka hesabu hizo, nami sizimezi zote. Lakini bibi zetu waliosoma wakati ule tunao, na wanasoma barua zao wenyewe.

Sisi wa leo tuna ratiba ambayo sidhani kama ofisi yoyote ya Dodoma ingeipitisha, kwa sababu inafuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukipevuka dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika mwaloni, na wanaume wanalala nyumbani. Hizo ndizo siku darasa la jioni linapojaa. Giza likirudi tunabaki na kina mama, nao wamechoka, kwa kuwa tangu asubuhi walikuwa wakianika.

Hakuna aliyekuja kwa ajili ya maendeleo ya taifa. Mama mmoja alituambia amechoka kumtajia wakala wa simu namba yake ya siri kila anapotumiwa fedha. Mwingine alitaka kujua mweka hazina wa kikoba anaandika nini kwenye daftari. Sababu hizi nazipenda kuliko zote zilizomo kwenye hotuba. Na nimeona jambo moja: mtoto ambaye mama yake anakuja jioni, Jumamosi hakosi. Wanasomeana nyumbani, na mtoto humsahihisha mama yake, si mara zote kwa adabu. Tatizo ni kwamba wanasoma karatasi ya sukari na kalenda ya mwaka uliopita, maana kingine nyumbani hakuna.

Serikali haiwezi kusema haijui kazi ya watu wa kujitolea. Mwaka 2010 raia wa kawaida walipita nyumba kwa nyumba katika utafiti wa Uwezo, na ndio waliotuonyesha kwamba watoto kama watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Baadaye mradi wa EQUIP-Tanzania uliwatumia walimu jamii, waliochaguliwa na vijiji vyao, kuwaandaa watoto wasiofikiwa na darasa la awali. Ulikuwa katika mikoa tisa, Mwanza haikuwamo. Nao ulimalizika, kama miradi yote.

Utaniambia vitabu vitapotea. Ndiyo, vitapotea. Vingine vitalowa mvua, vingine vitachorwa, na kimoja au viwili vitafungia karanga. Hiyo ni gharama ya kusoma, na serikali ikubali kuibeba badala ya kumtwisha mwalimu mkuu. Utaniambia pia kwamba wapo watu wasiofaa kuachiwa watoto. Hilo ni zito zaidi, na ni kweli. Tuchunguzeni. Afisa Elimu Kata atujue kwa majina, mtendaji wa kijiji atudhamini, na anayetoza twisheni kwa kisingizio cha kujitolea aondolewe.

Kisiwa hiki ndicho cha Aniceti Kitereza, aliyeandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla hajafariki. Watoto ninaowafundisha hawajawahi hata kuiona.

Ninachoomba kinaenea kwenye waraka wa ukurasa mmoja. Uwaambie walimu wakuu kwamba vitabu vya hadithi viazimwe nyumbani, na kwamba idadi fulani ikipotea au kuharibika kila mwaka, ifutwe kwenye leja bila mtu kuandikiwa barua. Uruhusu chumba kimoja cha darasa kitumike Jumamosi na jioni, chini ya kamati ya shule. Na mkaguzi anapokuja kuhesabu vitabu, aulize pia vimeazimwa mara ngapi. Kabati lililojaa vitabu visivyoguswa lihesabiwe kuwa hoja ya ukaguzi.

Shule hufunguliwa Januari. Tunaomba waraka huo uwe umewafikia walimu wakuu kabla ya hapo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa kujitolea,
Ukerewe