Gredi Peke Yake Haitoshi

Jirani yangu mmoja, mkulima wa chai, alinijia jioni moja akiwa ameshika karatasi ya matokeo ya binti yake kana kwamba ameshika hati ya shamba. Binti alikuwa amepata B katika mtihani wa KCSE. Baba yake alikwisha waambia watu wote sokoni ya kuwa mtoto atakuwa mhandisi. Nikaitazama ile karatasi, nikaona Hisabati nzuri, Kemia nzuri, Biolojia na Jiografia. Fizikia haikuwamo. Nikamwuliza binti, naye akajibu kwa sauti ndogo, “Mzee, niliiacha tulipoingia kidato cha tatu. Tuliambiwa inaharibu gredi.”

Nimeona mambo ya namna hii mara nyingi, na kila mara mzazi husema hakujua. Yapasa basi tuyaeleze waziwazi.

Sharti la kwanza la kuingia chuo kikuu katika Kenya kwa masomo ya shahada ni gredi ya wastani ya C+. Hilo karibu kila mtu analijua. Lakini C+ humruhusu kijana kuomba tu. Haimpi kozi yo yote. Shirika la KUCCPS, lililoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, ndilo ligawalo nafasi, nalo hutazama zaidi ya gredi. Kila kozi ina masomo yake manne yanayopimwa. Gredi ya A ni pointi 12, kwa hiyo masomo manne hayazidi pointi 48. Hesabu hiyo hupimwa pamoja na jumla ya masomo saba ya mtihani, ambayo ukomo wake ni pointi 84. Ndiyo maana vijana wawili wenye gredi moja ya wastani waweza kuomba kozi moja, mmoja akaipata na mwingine akaikosa.

Tena ziko kozi zenye masharti yake zenyewe. Atakaye uhandisi hana budi kuwa na Hisabati, Fizikia na Kemia. Atakaye udaktari hawezi kuziepuka Biolojia na Kemia. Sheria hudai B katika Kiingereza au Kiswahili, na hapo wengi wenye gredi kubwa hujikwaa, kwa kuwa walikidharau Kiswahili wakidhani ni lugha ya nyumbani tu. Naye anayetaka kufundisha katika shule za sekondari atazamiwe kuwa na C+ katika yale masomo mawili atakayofundisha.

Hata aliyetimiza masharti yote aweza kuachwa nje, maana nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Pointi alizopata mtu wa mwisho aliyechukuliwa hutangazwa, nazo hutofautiana kutoka chuo hata chuo kwa kozi ile ile. Mwenye busara atazisoma za mwaka uliopita kabla hajachagua, kama mkulima aulizavyo bei ya mahindi kabla ya kukodi gari.

Zamani mambo haya yalikuwa na nafasi ya kutulia. Kijana alifanya mtihani wa kidato cha nne, akaona nguvu zake ziko wapi, kisha akasoma miaka miwili zaidi katika kidato cha tano na cha sita. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliiondoa miaka hiyo miwili. Wanafunzi wake wa kwanza waliingia chuo kikuu mwaka 1990. Tangu hapo uamuzi mkubwa umekuwa ukifanywa na mtoto wa miaka kumi na sita hivi, mara nyingi baba na mama hawapo. Shule nayo, ikitaka wastani wake upande, huenda ikamshauri kuacha somo gumu. Sisemi ni hila. Lakini faida ya shule na faida ya mtoto si kitu kimoja siku zote.

Kuna jambo dogo ambalo limewatoa wengi jasho. Kuomba nafasi hufanywa kwa mtandao, na mwombaji huingia kwa namba yake ya mtihani wa KCSE pamoja na namba ya cheti cha kuzaliwa au ya mtihani wa KCPE. Cheti kilichosahaulika ndani ya sanduku la bibi huko kijijini kitakuchelewesha hata siku zipite. Wala msimwachie mwenye duka la kompyuta amchagulie mtoto kozi kwa kuwa ninyi mna haraka ya kurudi kukamua ng’ombe. Yeye halijui shauri la nyumba yenu.

Binti wa jirani yangu hakulia bure. Tulikaa na orodha ya kozi mpaka taa ikapungua mafuta, akaona ya kuwa Hisabati yake yatosha kwa takwimu na uchumi, kozi ambazo haziulizi Fizikia. Aliyapanga machaguo yake kwa mkono wake mwenyewe. Baba yake alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama mtu wa takwimu hupata kazi. Nikamwambia hata kiwanda cha chai kina hesabu za kutunzwa.

Alipofika mlangoni akageuka. Mdogo wake yule binti yuko gredi ya 9, katika mfumo mpya ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026. Huyo atachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, wa sayansi ya jamii, au wa sanaa na michezo. Kisha atachagua masomo matatu. Atakuwa na umri mdogo kuliko dada yake alipoiacha Fizikia. Mzee akaniuliza ile karatasi ya uchaguzi huletwa lini nyumbani. Nikamwambia asiingoje ije. Aje Jumamosi, amlete kijana mwenyewe.