Tunaliamini Jiwe, Jirani Hatumwamini

Muulize mwenye nyumba yeyote wa Tabata, Mbagala au Sinza ufunguo wake wa akiba anauweka wapi. Atakujibu kwa kujiamini: "Nimeuficha mahali ambapo hata wewe huwezi kupajua." Tunapajua. Umo ndani ya chungu cha maua, au uko juu ya fremu ya mlango, au kwenye kiatu kikuukuu kilichoachwa barazani, au umetundikwa kwenye msumari nyuma ya boksi la Luku. Akiwa mbunifu zaidi, amegandisha jiwe kwa gundi juu ya kifuniko cha kopo la dawa, akatia ufunguo ndani, akalifukia kopo pembeni ya ukuta, jiwe likabaki juu kama mawe mengine.

Nasema imani hii ni ya uongo, na madhara yake ni makubwa kuliko kuibiwa runinga.

Inaanza kwa kudhani kwamba mwizi hutafuta. Mwizi wa mtaani hana haja ya kutafuta, anatazama. Amekaa kijiweni tangu asubuhi, anakuona saa 12 na nusu ukiinama mahali palepale kabla ya kukimbilia daladala, na jioni mwanao naye anainama hapohapo. Jiwe lenyewe laweza lisitofautike hata kidogo na kokoto za Kunduchi. Mgongo wako ndio ulioitoa siri. Tena kiwanja chetu kinafagiliwa kila asubuhi kwa ufagio wa chelewa, kuku wanachakura, watoto wanacheza kombolela na kila kona wameshaingia kujificha. Jiwe lisilosogezwa kamwe, mtoto wa miaka 6 analijua kabla ya mwizi.

Lakini kinachoniuma mimi ni kingine. Miaka michache iliyopita mwizi aliingia nyumbani kwa mama yangu mchana, akachukua mtungi wa gesi, redio na pesa za kikoba alizokuwa amepewa azitunze. Waliokuja kukagua walikuta kitasa kizima, komeo halijapinda, nondo za madirisha zote zipo. Wakasema aliyeingia ni mtu wa ndani. Sote tukamgeukia dada wa kazi, binti wa miaka 19, ambaye alilia mpaka sauti ikakauka. Alirudishwa kwao siku ya pili bila mshahara wa mwezi ule. Nilikuwepo, na sikumtetea.

Miezi mitatu baadaye mwizi alirudi, kwa mlango uleule, bila kuvunja kitu, na dada hayupo. Tulipofukua udongo wa chungu cha maua, ufunguo wa akiba ulikuwa umelala vilevile tulivyouacha. Ndipo tukaelewa. Ulikuwa umechukuliwa, ukapelekwa kwa fundi wa kando ya barabara ambaye kuchonga ufunguo mwingine ni kazi ya dakika chache, kisha ukarudishwa. Ufunguo uliofichwa nje huibiwa bila kupotea. Na kwa kuwa mlango haukuvunjwa, lawama humwangukia aliye dhaifu kuliko wote ndani ya nyumba.

Kitasa kazi yake ni kumchosha mtu. Mwaka 1790 fundi Joseph Bramah aliweka kufuli lake dirishani mwa duka lake, Piccadilly, London, akaahidi gini 200 kwa atakayelifungua bila ufunguo. Lilikaa zaidi ya miaka 60. Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua mwaka 1851, na alitumia saa 51 za kazi, katika siku 16. Kufuli hilohilo, ufunguo wake ukiuweka chini ya zulia la kufutia miguu, halimzuii mtu hata dakika moja. Sisi tunajinyima ili tununue kitasa kizuri, tunamlipa fundi achomelee geti na nondo, halafu tunauacha ufunguo pale ambapo mvua ya masika inaufikia.

Najua nitakachojibiwa: majirani wa siku hizi hawaaminiki. Nalikataa jibu hilo kabisa. Jirani ana sura, ana jina, ana heshima ya kulinda mbele ya mtaa. Akimwona mgeni mlangoni kwako atauliza, "Unamtafuta nani?" Jiwe haliulizi. Na ufunguo ukiwa kwa mtu mmoja unayemjua, likitokea la kutokea una mtu mmoja wa kuzungumza naye. Huna sababu ya kumshuku kila aliyewahi kula kwenye sahani yako. Tanzania ilikuwa na mabalozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960, na Kenya ilipohangaika na usalama wake mwaka 2013 ilianzisha mpango wake wa Nyumba Kumi. Msingi wa yote mawili ni watu kujuana. Huwezi kujuana na mtu ambaye hujawahi kumkabidhi chochote.

Mtoto anayetoka shule saa 8 mchana, ni heri abishe hodi kwa mama jirani, aamkie, apewe maji ya kunywa, kisha apewe ufunguo, kuliko kuchimba chungu peke yake huku mtaa mzima unamwona na kujua kwamba ndani hakuna mtu mzima.

Mama alibadilisha kitasa kwanza. Ufunguo wa akiba sasa uko kwa jirani yake anayekaanga maandazi alfajiri, umetundikwa nyuma ya pazia la chumbani. Yule binti tumempigia simu mara nyingi. Namba yake haipatikani tena. Mshahara wake wa mwezi ule umo ndani ya bahasha, na mama ameiweka kabatini.