Masomo ya mtandaoni: Komredi akinyamaza, usiseme amezembea

Komredi, vyuo vilipofungwa Machi 2020 tuliambiwa masomo hayajasimama, yamehamia tu mtandaoni. Sawa. Lakini yalihamia kwa nani?

Ukiwa Homa Bay mjini ama Rongo, haikuwa mbaya sana. Shida ilikuwa kwamba wengi walirudi kwao: Nyatike, Ndhiwa, Karungu, kisiwa cha Mfangano. Huko simu ndiyo ilikuwa darasa, na simu yenyewe wakati mwingine ilichajiwa kwa jirani mwenye sola. Ukifika Muhuru Bay karibu na mpaka, inaweza kushika mtandao wa Tanzania, na bando lako la Kenya likawa kazi bure.

Tuseme ukweli, si wote walilia. Kulikuwa na waliofurahia kuepuka kodi ya hosteli, wakiuza omena asubuhi na kusoma jioni. Nawaelewa. Ila wasikize vizuri: kilichowafaa ni noti zilizotumwa WhatsApp, unazisoma ukipata nafasi. Si kukaa Zoom saa mbili bando likiyeyuka.

Julai 2020 George Magoha, aliyekuwa Waziri wakati huo, alisema madarasa ya ana kwa ana yangesubiri hadi Januari 2021. Mwezi huo huo baluni za Loon zikaanza kurusha intaneti hewani hapa Kenya. Poa sana. Lakini baluni haikukununulia simu ya 4G, wala bando.

Sasa piga hesabu. Kwa kampasi, chuo ndicho kililipia stima, ukumbi na Wi-Fi. Wakati ule gharama hizo zilihamia kwa mamako anayeuza samaki, huku masoko yenyewe yakiwa yamefungwa-fungwa kwa sababu ya korona. Halafu ukikosa kipindi, uliitwa mzembe.

Mimi niliacha chuo kabla ya haya yote, na nakwambia hakuna siku ya kuaga. Unakosa kipindi kimoja, cha pili, kisha CAT. Unaona aibu kuuliza ulichopitwa nacho. Basi, umeshatoka, na hakuna aliyeona. Mtandaoni ni rahisi zaidi, kwa sababu hata kiti chako hakibaki wazi.

Kwa hivyo vyuo vifanye mambo matatu. Kila somo liwe na noti nyepesi na rekodi ya sauti. Mtihani upewe siku nzima, si dakika zinazohesabiwa huku mtandao ukikatika. Na pesa za bando zitoke kwa karo ambayo tayari tunadaiwa.

Nawe usingoje chuo. Fungua grupu ya darasa lenu leo, tafuta majina ambayo hayajasema kitu kwa muda mrefu. Wapigie simu, usitume meseji, maana pengine hawana bando la kuisoma. Ukipata majibu, peleka orodha kwa mkuu wa idara kabla mtihani haujafika.