Mali Bila Daftari: Ukaguzi wa Vituo vya Wenye Ulemavu Unatuhusu

Kila mwanachuo anajua tofauti ya kusoma na kudesa. Aliyesoma tangu wiki ya kwanza anaingia UE na kalamu yake. Aliyekesha na madesa usiku mmoja anaingia na dua. Mashirika na vituo vyetu vingi vinavyohudumia watu wenye ulemavu hujiandaa kwa ukaguzi kwa njia hii ya pili. Barua ya mkaguzi ikifika, ukuta unapakwa chokaa, rejesta mpya inanunuliwa, na huduma za miezi sita zinajazwa kwa siku mbili, kalamu ileile, mwandiko uleule. Na mara nyingi anayekabidhiwa kalamu ni mwanafunzi wa fildi.

Ila ukila sapu, unaila mwenyewe. Kituo kikianguka kwenye ukaguzi, anayeumia ni mtoto wa Masuguru, huku kwetu Handeni na Korogwe, ambaye mama yake hana nauli ya kumpeleka kwingine.

Mfano tunao. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali ilisitisha mikopo hiyo, baada ya ripoti za CAG kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi visivyoonekana. Ilikuja kurejeshwa 2024. Fikiria fundi cherehani mwenye ulemavu wa miguu ambaye kikundi chake kilikuwa safi na zamu yake imekaribia. Alisubiri pamoja na waliokula. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari bovu la mwenzako linaweza kukupotezea hata kile ulichostahili.

Najua jibu la vituo: "Tuko wawili tu hapa, tuogeshe watoto au tujaze makaratasi?" Hoja hiyo ina uzito. Wafadhili nao wana lawama, maana kila mmoja anakuja na fomu yake kuuliza jambo lilelile. Lakini kinachomaliza nguvu ni kujaza miezi sita kwa siku mbili. Kaunta buku moja na mistari mitano kila jioni (nani alikuja, alipata nini, nani alimhudumia, kipi kimekwama, lini anarudi) haimzuii mtu kuogesha mtoto. Tena mfanyakazi akihama, mistari hiyo ndiyo inayomwambia mgeni kwamba mtoto fulani ana kifafa na dawa anapewa saa ngapi.

Basi maandalizi ya kweli ni yapi? Kwanza, fuata jina moja. Mkaguzi mzoefu hahesabu mafaili, anachomoa moja. Kama imeandikwa mtoto alipewa kiti mwendo, nani alimpima? Risiti iko wapi? Mzazi alisaini au aliweka dole gumba? Tairi likipasuka kwenye njia ya vumbi, nani hutengeneza? Kisha anaomba kukiona kiti chenyewe. Kituo kinaweza kujifanyia zoezi hili kila mwezi, kwa majina matatu, bila kumlipa mtaalamu yeyote.

Pili, sanduku la maoni likiwa tupu, tusishangilie. Asiyeona ataandikaje karatasi ile? Aliye kwenye kiti mwendo atafikiaje sanduku lililopigiliwa usawa wa kichwa cha meneja? Kiziwi atalalamika kwa nani kama hakuna anayejua lugha ya alama? Sufuri ya malalamiko inaweza kuwa na maana kwamba njia ya kulalamika haipo. Waulizwe watu wenyewe, kwa lugha wanayoielewa, hata ikiwa Kizigua, na asiwaulize yule anayewahudumia kila siku.

Tatu, siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa hata daftari la kijijini. Picha ya mtoto mwenye ulemavu kwenye stetasi ya WhatsApp, bila ridhaa ya mzazi, haiwi ushahidi wa kazi nzuri.

Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inalitaka kila shirika litoe taarifa ya kazi zake na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, na umma uweze kuziona. Umma huo ni pamoja na yule mama. Ana haki ya kuuliza kabla mkaguzi hajashuka kwenye gari.

Sasa sisi. Wapo kati yetu wa uhasibu, ustawi wa jamii, sheria, elimu maalumu. Tukienda fildi tunaweza kuanzisha kaunta buku lile na kuliacha likitembea. Tunaweza pia kukataa kalamu ya kurudisha tarehe nyuma. Ila kukataa peke yako, wakati msimamizi ndiye anayekujazia alama, si kazi ndogo. Kwa hiyo naiomba serikali ya wanafunzi idai jambo moja kwa uongozi wa chuo: fomu ya fildi iongezwe mstari unaosema mwanafunzi haruhusiwi kusaini kumbukumbu ya siku ambayo hakuwepo. Mstari huo ukiwepo, mwanafunzi atakuwa na cha kumwonyesha msimamizi wake, na yule mtoto wa Masuguru ataandikwa siku aliyohudumiwa kweli.